Betri Chini ya Kitanda cha Mzazi

Dada yangu alipokaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, mama alinituma nikamlee mpaka arobaini ipite. Alikuwa ameolewa upande wa Kisanga, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma iliyozungukwa na mahindi na mbaazi. Nguzo za umeme zilikuwa zimepita barabarani bila kukata kona kuja kwao. Shemeji, mume wa dada, alifanya kazi gereji huko Mikumi na kurudi nyumbani mwisho wa wiki tu. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wanne: mimi, dada, mtoto, na mama mkwe wa dada, ambaye mimi pia nilimwita mama.

Mimi si msemaji. Shuleni, mpaka namaliza darasa la saba, maswali mengi ya walimu nilikuwa nayajibu kwa kichwa. Kazi ya kulea mzazi ilinifaa, maana haihitaji maneno. Unachemsha maji ya kumkanda, unakoroga uji wa pilipili manga, unafua nepi, unaanika, unaanua. Shemeji aliniita Bubu, na sikuona vibaya, kwa sababu alilitamka jina hilo kama mtu anayemwita mdogo wake.

Betri zilifika nyumbani kabla ya mtoto.

Nyuma ya gereji ya Mikumi lilikuwa limeegeshwa gari la watalii, lile la kulala ndani, lenye kitanda na jiko na sinki la kuoshea vyombo. Lilikuwa limegonga nyati wakati wa magharibi, pale barabara kuu inapokatisha hifadhi. Mwenye gari alifariki. Mkewe alirudi kwao, na gari likabaki hapo na majani yakaanza kuota chini yake. Niliwahi kuliona, siku tulipokwenda mimi na dada kununua vitu vya mtoto. Mbele lilikuwa limebonyea mpaka kwenye usukani, lakini ndani vikombe vilikuwa bado vinaning'inia kwenye ndoano zake, vizima.

Shemeji alitufunulia kiti cha kukalia. Chini yake kulikuwa na sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na ndani ya sanduku betri mbili kubwa. Hizi, alisema, si za kuwashia gari. Ni za mambo ya ndani: taa, friji, feni, kuchaji simu. Kwenye ubavu wa sanduku palitoka mpira mwembamba uliotoboa sakafu ukaishia nje, chini ya gari. Dada akauliza mpira ule wa nini. Shemeji akajibu kuwa labda ni wa kutolea maji ya mvua. Nikaangalia juu ya kiti, nikaangalia madirisha, sikuona mvua ingepita wapi kufika mle. Lakini aliyekuwa anasema ni shemeji, na gari ndiyo kazi yake.

Bosi wake alimruhusu azichukue, pamoja na paneli ya sola ya juu ya paa na inveta. Inveta ni kisanduku cha bati chenye feni ndogo mgongoni. Inachukua umeme mdogo wa betri na kuugeuza uwe kama ule wa kwenye nguzo, ndipo unaweza kuchomeka televisheni au blenda. Kulikuwa pia na kidude kingine kidogo cha katikati, kinachoizuia paneli isiilishe betri kupita kiasi, ila hicho kilikuwa kimepasuka kwenye ajali. Shemeji hakuona shida. Akaunganisha waya za paneli moja kwa moja kwenye betri. Jua ni la bure, alisema, acha zile zishibe.

Yakabaki maswali ya mahali pa kuziweka. Mwezi ule wezi walikuwa wameng'oa betri za sola kwenye nyumba mbili za jirani, na hakuna aliyesikia mlango. Sebuleni dirisha lilikuwa bovu. Jiko letu ni banda la nje. Shemeji alikuwa anafikiria kuchimba shimo na kulifunika kwa mbao, lakini mama akasema hakuna haja. Ziwekwe chumbani kwa mzazi, chini ya kitanda. Chumba cha mzazi hakiachwi peke yake mpaka arobaini. Dada akienda kuoga, mimi nimo na mtoto. Mimi nikitoka, yeye mwenyewe anaingia. Mwizi ataingilia wapi?

Wote tuliona ni akili. Mpaka leo nikiandika maneno hayo bado naona ni akili.

Zikawekwa pale. Sanduku lake na ule mpira vilibaki Mikumi. Inveta ilikaa juu ya kigoda pembeni ya kitanda, na mama akaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, chenye maua mekundu, ndugu wa kitambaa kilichofunika televisheni na kile kilichofunika redio. Kitu cha thamani kikikaa bila kitambaa, kwake ilikuwa kama kimeachwa uchi. Waya ulipita chini ya mlango kwenda sebuleni.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Dirisha likafungwa na nyufa zake zikazibwa kwa matambara, maana mzazi hapigwi na upepo. Jirani mmoja mama mtu mzima alipokuja kutoa hongera, aliinama, akazitazama betri, akasema kumbe dada amejifungua pacha, mmoja wa nyama na wawili wa chuma.

"Wa chuma hawanyonyi," dada akamjibu.

"Wananyonya jua. Na hawa usipowaangalia watakumalizia maziwa."

Tulicheka sana. Inveta ilipochoka ilikuwa na tabia ya kulia, mlio mwembamba usiokatika, na mtoto akisikia naye huanza kulia. Ikawa kazi yangu nyingine. Nikisikia kilio, nasimama kwanza kujua ni kipi, cha kwenye kigoda au cha kitandani.

Sijui harufu ilianza siku gani. Harufu ya chumba cha mzazi ni nyingi: mafuta, maziwa, maji ya kukandia, ubani. Hii ilikuja chini ya zote. Ilikuwa kama yai lililosahaulika kwenye kiota. Mwanzoni niliinama kunusa nepi, nikafua hata zilizokuwa safi. Kisha nikanusa kitovu cha mtoto, kwa hofu, kikawa kikavu na hakina neno. Dada akasema labda ni yeye, akaanza kuona aibu, akaniomba nimchemshie maji mara nyingi zaidi.

Harufu ilikuwa inapanda na jua. Asubuhi haipo. Mchana, paneli ikiwa inawaka juu ya bati, ipo. Jioni inapungua. Nilipoliona hilo nikapiga magoti nikaangalia chini ya kitanda. Betri moja ilikuwa imetuna ubavuni, kama mtu aliyeshikilia pumzi. Nikasogeza kiganja karibu bila kuigusa, nikahisi joto lake. Kwenye vichwa vyake paliota unga mweupe wenye ukijani. Na pindo la chandarua, pale liliposhuka mpaka sakafuni karibu nayo, lilikuwa na matundu madogo madogo, yamekatika bila kuacha nyuzi. Ukutani chini alikuwa amelala mjusi, tumbo juu.

Nikamwonyesha mama pindo la chandarua. Akasema ni mende.

Shemeji aliporudi mwisho wa wiki nilimsubiri akiwa peke yake nje, ananawa miguu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Nikamwambia betri moja inanuka, na imevimba.

Akacheka. "Bubu leo kaja na habari. Betri ikishiba lazima ijambe kidogo, ni kama mimi na maharage."

Mama akamsikia kutoka bandani, akamgombeza kwa kusema maneno hayo nyumba yenye mzazi. Lakini hata yeye shemeji, baada ya kucheka, aliingia chumbani akanusa, na uso wake ukabadilika kidogo. Akatoa matambara kwenye dirisha. Akasema dirisha likae wazi mchana, hiyo hewa itoke, na akirudi wiki ijayo atakuja na kidude kipya cha katikati. Kisha akapanda bodaboda akaenda kazini Mikumi.

Nilifungua dirisha kama alivyoagiza. Nilipotoka kuanika nguo na kurudi, nilikuta limefungwa. Nikafungua tena. Nikaenda kisimani, nikarudi, limefungwa, na matambara yamerudi kwenye nyufa zake. Tuliendelea hivyo mimi na mama, bila kusemeshana hata neno moja juu ya dirisha. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nimelalaje, tukala uji, na kila mmoja akajua mwenzake atafanya nini jua likipanda. Hakuwa mkorofi. Alikuwa amezaa watoto sita kwenye chumba kile na wote waliishi, na hakuna hata mmoja aliyepigwa upepo kabla ya arobaini.

Mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa kidogo, kama cha paka. Macho yake yalikuwa yanatoa machozi hata asipolia, na dada naye alilalamika koo linamkwaruza. Sasa hapakuwa na wa kucheka. Dada alikuwa anamweka mtoto kifuani usiku na mchana, akimwangalia anavyovuta hewa. Nikimletea chakula, ananiambia nisikilize kwanza, namsikiaje. Namsikia kama jana, nilikuwa najibu, hata siku ambazo haikuwa kama jana.

Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri, mama aliniita bandani. Aliongea kwa sauti ya chini ili dada asisikie. Alisema amekaa na jambo hili muda mrefu na sasa amelijua. Vitu vile vimetoka kwa mtu aliyekufa vibaya, barabarani, mbali na kwao. Hakuna aliyevisomea, hakuna aliyevifukiza. Vimeletwa vikiwa na damu yake vikawekwa chini ya mtoto mchanga. Harufu ile si ya betri.

"Kuna betri ngapi hapa kijijini?" aliniuliza. "Ulishasikia moja inanuka maiti?"

Sikuwa nimesikia. Nikatikisa kichwa.

Akasema leo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, siku nzuri. Alasiri atakifukiza kitanda chote, kuanzia chini, pale harufu inapotoka. Akanituma nichague makaa magumu, yasiyo na moshi.

Nilichagua makaa. Mikono ilikuwa inachagua na kichwa kilikuwa Mikumi, chini ya kile kiti. Wenye gari walikuwa wamezifungia betri kwenye sanduku la kubana, halafu wakatoboa sakafu ya gari zuri kama lile ili tu mpira upite. Mtu hatoboi gari lake kwa ajili ya maji ambayo hayapo. Kulikuwa na kitu kinachotoka kwenye betri ambacho hawakutaka kilale nao. Na gereji ile, ukutani, karibu na mahali pa kuchajia betri, palikuwa pamechorwa kijiti cha kiberiti kikiwa na msalaba mwekundu juu yake. Nilikuwa nimekiona, nikadhani ni mambo ya sigara.

Mama aliwasha makaa kwenye chetezo nje ya banda. Akakaa kwenye kibao akawa anapuliza taratibu, ubani ukiwa mkononi kwenye kikaratasi. Makaa yakaanza kuwa mekundu.

Nikaingia chumbani. Jua la alasiri lilikuwa bado kali juu ya bati, na harufu ilinishika mlangoni kabla sijavuka. Chini ya kitanda palikuwa na sauti, ndogo sana, kama uji unaotokota sufuria ya mbali.

"Dada, tutoke," nikamwambia.

"Tutoke wapi?"

"Nje. Mama anakuja na moto."

"Anakuja kufukiza, si ameniambia, kwa ajili ya kikohozi. Arobaini haijafika, nikatembee nje nionekane na nani?" Akanitazama, akatabasamu kwa uchovu. "Leo umeota mdomo."

Nilitaka kumweleza juu ya mpira na kijiti cha kiberiti na ile sauti ya kutokota, na yote yakaja pamoja yakaziba. Kwa hiyo sikueleza. Nilimwinua mtoto na kanga zake nikatoka naye.

Dada aliita jina langu mara moja. Kisha nikasikia kitanda kinalia na miguu yake inanifuata, amejishika tumbo, kichwa wazi. Tulipita mlango wa nyuma tukatokea uani kwenye mwanga, na mtoto akafumba macho kwa nguvu, maana hakuwa amewahi kukutana na jua.

Mama alikuwa amesimama, chetezo mkononi. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Aliniangalia kama mtu anayeangalia sufuria imepinduka, akisubiri ajue kilichomwagika ni kiasi gani.

"Nani kakuruhusu kumtoa mtoto?"

"Betri, mama," nikasema. "Usiingie na moto."

"Betri ndiyo naiendea. Na ubani niufukize na nini bila moto, na maji?" Akamgeukia dada. "Na wewe mzazi, umesimama juani kama mwenye mimba ya mbuzi. Mfunike mtoto."

Mikono yangu ilikuwa na mtoto. Dada alikuwa ameegemea ukuta. Mama akatunyunyizia ubani kidogo kwenye makaa pale pale, mbele yetu, ili tupate nasi, moshi ukapanda ukanukia vizuri, kisha akaingia ndani. Nikasikia ndala zake sebuleni. Nikasikia mlango wa chumbani. Nikamsikia anaanza kusoma, na sauti ikashuka, kama ya mtu anayeinama.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa kama watu walivyosimulia baadaye. Ulikuwa kama mtu ameangusha ubao mpana kwenye saruji. Bati likatikisika, njiwa wakaruka. Halafu kukawa kimya, na ndani ya kimya kile inveta ikaanza kulia.

Nikamkabidhi dada mtoto nikakimbilia mlangoni, lakini mama alikuwa tayari anatoka. Alikuwa anatembea mwenyewe, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Uso ulikuwa umelowa maji ya betri. Ushungi wake, wa rangi ya kahawia, ulikuwa unabadilika huku nautazama, unapauka kwa madoa, na madoa yanafunguka kuwa matundu. Macho alikuwa ameyafumba. Hakuwa analia. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama kuna mtu amemwaga maji ya moto.

Nilimshika mabega nikamkalisha chini kando ya pipa la maji ya mvua, nikachukua kata nikaanza kumwagia. Nilivuta ushungi nikautupa. Nilimwagia uso, nywele, shingo, na nikamwambia afumbue, akasema hawezi, nikamfumbua mimi kwa vidole nikamwagia ndani. Hapo ndipo alipopiga kelele.

Majirani walifika. Yule mama aliyetania pacha alikuja mbio na chupa ya asali. Mwingine akasema dawa ya meno, mwingine mafuta ya nazi, na maji yaachwe maana maji yanaleta malengelenge. Walikuwa wakubwa kwangu wote. Nikaendelea kumwaga. Walinishika mkono, nikautoa. Kijana mmoja wa bodaboda akaitwa ampeleke hospitali Kilosa, wakapanga mtu mwingine akae nyuma yake amshikilie, na pikipiki ikawa inanguruma uani wakati mimi bado nachota. Kutoka ndani kulikuwa kunatoka moshi mwembamba, ukinukia ubani, na chini ya ubani ile harufu.

Walipomwinua, mama alisimama akageuza uso huku na huku. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa, jingine lilikuwa jekundu na halitulii mahali.

"Mtoto yuko wapi?"

Dada akasema yupo, yuko naye, hana kitu.

"Alikuwa ndani?"

"Hakuwa ndani, mama. Yuko hapa."

"Mnanidanganya." Akanyoosha mikono yote miwili. "Nipeni nimshike. Siondoki hapa mpaka nimshike."

Mwenye bodaboda akasema wampe tu, wawahi. Majirani wakamwambia dada ampe bibi yake mtoto, atulie. Dada akasogea, analia, ameshamtoa mtoto kifuani na kanga imefunguka, na uso wa mtoto uko wazi. Nikaitazama mikono ya mama. Ilikuwa na unyevu usiokuwa wa maji yangu. Viganja vilikuwa vimepauka, na kwenye mkono wa gauni matundu yalikuwa bado yanapanuka.

"Hapana," nikasema.

Watu wakanigeukia. Sauti ilikuwa imetoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na nilikuwa nimemwambia hapana mama mkwe wa dada yangu, mbele za watu, uani kwake.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama. Mikono kwanza."

Alisimama hivyo hivyo, ameinyoosha. Nilifikiri atanisukuma. Kisha akaigeuza viganja juu, akanisogezea. Nikachota nikamwaga. Akaanza kuisugua mwenyewe, kati ya vidole, kwenye vifundo, akipanda mpaka viwiko kama anayetawadha, maji yakamwagika miguuni kwetu na kuchora mto kwenye vumbi. Mtoto alikohoa mahali fulani karibu, na mama akageuza kichwa kuelekea ilikotoka sauti.

"Tayari?"

"Bado, mama," nikasema, nikachota tena.